Kuivalisha Gari ya Baba

Mume wangu alipofariki, kabla hajatolewa nyumbani, nilimshika mkono mwanangu wa mwisho nikampeleka mpaka pale alipolazwa babake. Ana miaka saba. Nikamfunulia uso, nikamwambia, "Huyu ni baba, amekufa. Mguse." Akamgusa kwenye paji la uso, akarudisha mkono. Shangazi zake hawakupenda. Mmoja alininong'oneza kwamba mtoto ataota. Nikamwambia, na aote, mimi nitakuwa hapo atakapoamka.

Sikuwaeleza kwa nini. Mimi si mtu wa maneno mengi, na kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, kwa hivyo mengi ya kwangu hayajawahi kutoka moyoni. Lakini siku moja, nikiwa ndani ya eda, binti yangu mkubwa alikuwa uani akisugua sinia kwa jivu na ndimu. Harufu ile ya jivu bichi na ndimu juu ya madini ikanifikia nilipokaa. Nilikuwa na tasbihi mkononi, nikapoteza hesabu. Nikajiona niko Mambrui, mtoto mdogo, nimechuchumaa kwenye uwanja wa gereji, vidole vimechubuka, nasugua.

Babangu alikuwa dereva wa lori la mtu, akibeba chumvi ya Gongoni kuipeleka Malindi na Mombasa. Lori lilikuwa kazi yake tu. Moyo wake ulikuwa kwenye pikapu aliyoinunua mwenyewe, pikapu ya zamani, yenye umri kunishinda mimi, kijani chake kimepauka kama jani la mgomba lililokauka. Wiki ile ile aliyoinunua ilimfia kwenye barabara ya Gongoni, ikakaa kando karibu mwaka mzima ikingoja injini. Na katika mwaka huo ndipo ilipovuliwa. Nani aliivua, hakuna aliyesema. Watu walipita wakaona kitu kinang'aa, kikawafaa nyumbani. Ile mikanda minne ya nikeli iliyopita ubavuni ikaenda, vifuniko vya magurudumu vikaenda viwili kati ya vinne, na nembo ya puani, ndege aliyekunjua mabawa, ikabaki matundu mawili tu ya misumari.

Baba alijua vilipo baadhi. Siku moja tulikwenda kwa Bi Zena muuza mahamri, na mbaazi zake alikuwa amezitilia kwenye kifuniko cha gurudumu letu. Baba akala, akasifu, akaaga. Njiani nikamwuliza, "Baba, kile si chetu?"

"Chetu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nini? Mwenzangu kawatilia watu chakula ndani, nikimwage nichukue? Nitatafuta chengine."

Basi akatafuta. Kila alipofika Malindi aliingia kwa mafundi na kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, akainama chini ya magari ya watu. Akatuma mpaka Mombasa. Akirudi na kipande, kilikuwa kirefu mno au kifupi, au cha gari jengine kabisa. Na gari yenyewe ilikuwa imeshapona. Fundi Kyalo alikuwa ameitia injini, ikinguruma vizuri. Huyu Kyalo alikuwa Mkamba, alikuja pwani kwa kazi ya mashine kule kwenye chumvi, kisha akajifungulia gereji yake kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji. Hakuwa na mke hapa wala ndugu. Alikuwa na redio, birika la chai, na gari ya Baba.

"Salimu, hii gari inatembea," alikuwa akimwambia Baba. "Ichukue uende nayo. Inanijazia uwanja."

"Siingizi mjini gari uchi."

"Uchi iko wapi? Iko na milango mbili na viti."

"Haina pua, Kyalo. Watu watasema Salimu kaokota."

"Si uliokota?"

Wakicheka. Mimi nikicheka nao, hata sikujua tunachekea nini. Nilikuwa nikikaa kwenye usukani, miguu haifiki chini, nikimeza harufu ya viti vile, harufu ya ngozi iliyopigwa na jua.

Kisha Baba akaumwa. Alilala siku tatu, ya nne Ami, nduguye mkubwa, akamtia kwenye lori lile lile la chumvi wampeleke Mombasa hospitali. Mama hakwenda, alikuwa na mdogo wangu mchanga, naye ana homa. Baba alikaa karibu na dirisha, amejifunika shuka, na jua lote lile. Akaniita. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, "Mwambie Kyalo asiipake rangi mpaka nirudi." Ndilo neno la mwisho alilonambia, na mimi nililishika vile vile lilivyo.

Nikapelekwa Gongoni kwa shangazi, ili Mama apate nafasi. Siku ya pili yake nilimkuta shangazi amekaa nyuma ya nyumba, ameuma pembe ya leso, machozi yanamtiririka. Nikamwuliza ana nini. Akaniangalia, akasema jino. Nikaingia jikoni nikamtafutia karafuu, maana nilikuwa nimemwona Mama akiuma karafuu jino likimsumbua. Akaipokea. Akaitia mdomoni, akaitafuna, huku akilia.

Waliponirudisha Mambrui siku zilikuwa zimepita. Wageni walikuwa wameondoka, majamvi yamekunjwa. Nyumba ilikuwa safi na kimya. Mama alikuwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, amevaa leso kuukuu zisizo na mng'aro, hana wanja, hana hina, vipuli amevivua, matundu ya masikio ameyatia vijiti vya ufagio. Alinikumbatia akanishika muda mrefu.

Nikamwendea Bibi, mamake Baba, aliyekuwa akikaa nasi. "Baba yuko wapi?"

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Yuko Mombasa."

"Atarudi lini?"

Hapo akaliangalia lile pazia. "Mamako ana siku zake za kukaa ndani. Miezi minne na siku kumi. Usimsumbue."

"Zikitimia?"

"Zikitimia atakoga, atavaa nguo mpya, atafukizwa udi."

Simlaumu Bibi. Alikuwa amempoteza mwana, na mdomo wake haukuweza. Lakini sikilizeni mtoto alivyoelewa. Baba alipokuwa akienda safari ndefu, labda Garsen, Mama alikuwa hajipambi. Hatoki ila kwa haja, hatii asumini, hafukizi chumba. Na siku anayorudi Baba, tangu adhuhuri nikiona chetezo kimewashwa, leso mpya imetolewa sandukuni, Mama amekoga, nyumba nzima inanukia. Kwangu mimi, udi ulikuwa ndio habari ya kuja kwa Baba. Sasa nikaona Mama anamngoja kuliko siku zote, kwa sababu safari hii ni kubwa kuliko zote. Miezi minne na siku kumi. Nikajua siku. Nikajua na la kufanya, maana Baba alikuwa ameshasema haiingizi mjini gari iliyo uchi.

Kwa hivyo siku ya pili, baada ya chuo cha Kurani, nikaenda kwa Kyalo peke yangu. Nikamwambia Baba amesema usiipake rangi mpaka arudi.

Kyalo alikuwa chini ya lori. Miguu yake tu ndiyo niliyoiona. Kisha akajibu kutoka huko huko, "Sawa. Sitapaka."

Alidhani neno hilo lilikuwa la zamani na mimi nimechelewa kulifikisha. Nilikuja kulijua hilo nimeshakuwa mtu mzima.

Nikaanza na Bi Zena. Sikuwa na haya za Baba. Nikamwambia kile kifuniko ni cha gari yetu na ninakitaka. Akaniangalia, mbaazi zinachemka, akamimina kwenye bakuli kilichokuwamo, akakiosha mara mbili, akakikausha kwa leso yake mwenyewe aliyoivaa, akanipa kwa mikono miwili. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunipa kitu kwa mikono miwili. Nikaona, ndiyo, wanajua Baba yuko njiani.

Hata watoto wenzangu walibadilika. Tukicheza mdako walikuwa wakiniachia nishinde. Msichana mmoja, mgomvi, aliyekuwa akinivuta nywele kila siku, alinipa andazi lake zima. Nikikaribia walipokuwa wakinong'ona, wananyamaza wananipa nafasi. Mwanzo nilifurahi. Halafu nikaona kwamba ukishinda kila mchezo hakuna anayecheza nawe, wanakuhudumia tu. Nikaacha kwenda kucheza. Nikawa nakaa kwenye pikapu, kiti cha abiria, nakiacha kile cha dereva wazi.

Mkanda mmoja nilikuwa nikiujua siku zote, ila sikuthubutu. Ulikuwa chuoni. Ustadhi wetu alikuwa mzee mkali, mwembamba, akitusomesha kwenye kibaraza cha msikiti mdogo, na mkono wake ulikuwa na fimbo ya nikeli inayong'aa ya kuonyeshea herufi ubaoni. Ukikosea, inakushukia mgongoni. Ile fimbo ilikuwa mkanda wa mlango wa kushoto. Nilipima kwa macho wiki mbili. Siku moja alipoingia kutawadha nikauchukua, nikaweka mahali pake kijiti cha mpera, nikauficha chini ya kanzu yangu, nikaketi nimenyooka kama mlingoti.

Akarudi, akainua kijiti, akakitazama.

"Nani kachukua fimbo yangu?"

Nami nilikuwa nimefundishwa kwamba mwongo hana sala. Nikasimama. Nikautoa.

"Wewe, binti Salimu. Umekuwa mwizi?"

"Si yako, Ustadhi. Ni mkanda wa gari ya Baba. Nauhitaji."

Watoto wote wakainamisha vichwa wakingoja kusikia mgongo wangu. Nikaona uso wa Ustadhi unabadilika rangi. Aliutazama ule mkanda mkononi mwangu kama mtu aliyeona amekaa na nyoka chumbani na hakujua. Kisha mzee yule, ambaye hata wazazi wetu walikuwa wakimwogopa, akapiga magoti mbele yangu ili tuwe sawa kwa urefu.

"Chukua," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Sikufikiri. Nimesamehewa?"

Nikamwambia, "Umesamehewa." Na kwa kuwa alikuwa bado amepiga magoti, nikaongeza, "Usijali."

Ijumaa ile, baada ya sala, Ustadhi alisimama msikitini akawasomea wanaume wa Mambrui ile aya inayosema kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma hakika wanakula moto matumboni mwao. Kisha akawaambia ni nini alichokuwa nacho mkononi miaka yote ile, na akawaambia, mwenye chochote cha pikapu ya Salimu akirudishe kabla jua halijatua. Mimi sikuwako, msikitini wasichana hatukai. Nilikuwa gereji nasugua ule mkanda kwa jivu na ndimu alivyonifundisha Bibi kusugua masinia.

Nilichoona mimi ni watu wanakuja. Walikuja na kanzu zao za Ijumaa, mmoja mmoja, hawasemi. Mmoja alileta mkanda aliokuwa akipitishia pazia. Mmoja alileta kifuniko cha gurudumu alichokuwa akiwanyweshea kuku. Mikanda miwili mengine ikaja pamoja, imefungwa kwa kamba, na aliyeileta akaiweka chini akaondoka bila kusalimia. Halafu wakaanza kuja waliokuwa na vitu ambavyo hata havikuwa vya pikapu. Mzee mmoja akaleta kioo cha pembeni, kikubwa kama sahani.

Kyalo akakigeuza geuza. "Mzee, hii ni ya tinga."

"Sijui ni ya nini."

"Nakwambia ni ya tinga. Pikapu haina kioo kama hii."

"Yakhe, mimi sitaki kulala nacho. Kiweke."

Mwengine akaleta kengele ya baisikeli. Mwengine kizibo cha tangi la mafuta, na pikapu ilikuwa na kizibo chake. Kyalo alivipanga vyote juu ya gunia, akajikuna kichwa. "Sasa hawa watu wako," akanambia, "wameona nini leo?"

Nikajivuna. Nikamwambia, "Wameona siku zimekaribia."

Siku zikawa zinakwenda kweli. Mwezi uliandama mara ya tatu, mara ya nne. Kyalo alifunga mikanda, akanyoosha palipopinda kwa nyundo ya mbao, nami nikisugua mpaka nikajiona sura. Nilikuwa simwambii Mama, nilitaka iwe ghafla. Nilikuwa nikirudi nikikaa naye nyuma ya pazia, yeye na msahafu wake, mimi na vidole vyangu vinavyowasha, kila mtu na siri yake. Akiniuliza, "Ulikuwa wapi?" nikisema nilikuwa nacheza. Alikuwa akinusa mikono yangu, kisha akiiachia. Alikuwa amekonda. Nikifikiri ni hamu.

Alasiri moja Kyalo alizima redio. "Wewe, hebu niambie. Hii haraka yote ni ya nini? Gari haikimbii."

"Mama anatoka eda Alhamisi."

"Najua. Na gari?"

"Baba akija aikute imevaa."

Aliacha kukaza alichokuwa akikaza. Aliweka spana chini, polepole, kama kitu cha kuvunjika.

"Nani alikwambia anakuja?"

"Hakuna. Najua mwenyewe. Udi umeshanunuliwa, nimeuona."

Kyalo akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akaacha mstari mweusi kutoka jicho mpaka kidevu. Akaangalia barabara, upande wa mji, kama anayetafuta mtu wa kumwita. Hakupita mtu.

"Nembo bado," akasema mwisho.

"Nembo bado," nikamjibu. Hiyo haikurudishwa na mtu. Nadhani ilikwenda mbali.

"Basi niletee sufuria imetoboka."

Siku zile zote baadaye nilimfikiria sana mtu yule. Alikuwa mgeni, Mkristo, mwanamume. Kizuka, mwanamke aliye ndani ya eda, hasemi na mwanamume wa kando, hata nyuma ya pazia, kwa hivyo hakuweza kumfikia Mama. Kyalo mwenyewe aliniambia, nilipokuwa mkubwa, kwamba jioni ile alikwenda kwa Ami, akamwambia mtoto hajui. Ami akamjibu, "Mwache, atajua taratibu." Basi akarudi gereji akafanya kile anachokijua. Alikata kitako cha sufuria yetu kuukuu, akakipiga juu ya kipande cha reli siku mbili nzima, akachora mabawa kwa tindo. Mimi nikakisugua. Kikang'aa kuliko vyote.

"Mbona kama kuku?" nikamwuliza.

"Ndege ni ndege."

"Wa zamani alikuwa akiruka."

"Huyu amepumzika. Shika hapa nipige msumari."

Alhamisi Mama alitolewa eda. Wanawake walikuja tangu asubuhi. Alikogeshwa, akavalishwa leso mpya, vipuli vikarudi masikioni, dua ikasomwa, na udi ukawashwa mpaka moshi ukatoka madirishani. Niliposikia harufu ile nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha nje, nimevaa gauni langu la Idi, macho kwenye njia. Mtu akinipa chakula nilikuwa nasema sasa hivi.

Adhuhuri ilipopita nikasikia honi. Pikapu ikatokea kwenye kona ya nyumba ya Bi Zena, polepole, kwa sababu njia ni nyembamba, na jua lilikuwa likiipiga ubavuni. Mikanda minne. Vifuniko vinne. Ndege wake puani. Ilikuwa nzuri mpaka nikashindwa kuinuka. Kisha nikakimbia.

Aliyeshuka upande wa dereva alikuwa Ami. Upande wa pili akashuka mtu nisiyemjua, miwani nyeusi, shati la maua. Nyuma alikaa Kyalo, ameweka mikono baina ya magoti, haniangalii. Nikazunguka gari. Nikaangalia ndani. Nikapanda gurudumu nikaangalia nyuma, chini ya turubai.

"Huyu bwana ana hoteli Kikambala," Ami alikuwa akiwaambia watu. "Anaichukua."

Yule bwana akapitisha mkono juu ya mkanda wa mlango. "Nani aliyevitafuta hivi? Kazi nzuri sana. Bila hivi nisingeitaka. Nitaiweka mbele ya lango, wageni wapige picha."

Nikamshika Ami kanzu. "Ami, Baba ameshukia wapi?"

Nikadhani hakusikia, nikasema tena, kwa sauti. "Baba ameshukia wapi?"

Wanawake walikuwa mlangoni na vifijo vyao. Vikakatika. Nikaona nyuso zile zote, Bi Zena, Ustadhi aliyekuwa amekuja kwa dua, shangazi kutoka Gongoni, na kila uso ulikuwa ukimwangalia mwenzake, kama watu waliopeana kazi na hakuna aliyeifanya. Sijawahi kuwa mpweke maishani mwangu kama pale katikati ya watu wangu wote.

Mama akawapasua akatoka. Hakuwa amevuka kile kizingiti kwa miezi minne na siku kumi. Jua lilimfanya afumbe macho.

"Umesema nini, mwanangu?"

Akaitazama gari. Akatazama mikanda, na ndege, kisha akachukua mikono yangu akaigeuza, akaangalia vidole. Akafungua mlango, akaniingiza, akaingia yeye, akaufunga. Akazungusha kioo kikapanda mpaka juu. Nje watu walikuwa wakisogeza midomo. Ndani kulikuwa na udi wa leso zake na viti vilivyopigwa na jua.

"Baba amekufa," akasema. "Alikufa Mombasa, siku ya pili ya kufika. Wakamzika huko huko, siku ile ile. Ndiyo maana nikakaa eda. Mtu hukaa eda kwa mume aliyekufa."

Nikafikiri. "Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Hata kidogo?"

"Mimi pia niliambiwa tu. Alikuja Ami yako akasimama mlangoni akasema. Nikavua vipuli nikaingia ndani."

"Basi pengine si kweli."

Mama aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Alikuwa amekaa upande wa dereva, na hakuwahi kuendesha gari maishani mwake.

"Na mimi nimelisema hilo kila siku," akasema, "huko nyuma ya pazia. Kila siku, mwanangu, nikitoa salamu kwenye sala nalisema. Lakini ni kweli."

Kisha akalia, na mimi nikalia, tukalia pamoja kwa mara ya kwanza, wakati mji mzima ulikuwa umeshamaliza kulia. Ami alikuja akagonga kioo mara moja. Mama hakugeuka. Hakugonga tena. Yule bwana wa Kikambala akatafuta kivuli.

Adhana ya alasiri ilipoanza Mama akajifuta, akanifuta na mimi kwa ile leso mpya. Akashuka kwanza, akanipa mkono nikashuka. Ami akaingia kwenye usukani. Njia pale ni nyembamba, na sisi tulikuwa tumesimama palipotakiwa kupita magurudumu. Mama akanivuta kwake, tukajibana ukutani, gari ikapata nafasi ya kugeuka.